DENIS BURKITT: DAKTARI WA JICHO MOJA ALIYEONA MBALI

Nilipoambiwa niandike juu ya maisha ya mtu mashuhuri, wenzangu walidhani nitachagua mwanasiasa au mwanariadha. La hasha. Nimemchagua daktari mmoja mzungu aliyeaga dunia zamani, kabla hata baadhi ya wazazi wetu hawajajuana. Jina lake ni Denis Parsons Burkitt. Si ati nimemchagua ili nijionyeshe kuwa nasoma vitabu vikubwa. Nimemchagua kwa sababu ya binamu yangu.

Mambo yalianza hivi. Shangazi yangu anaishi Malaba, si mbali na pale matrela yanapopanga foleni ya kuingia Uganda. Kitindamimba wake alikuwa na miaka sita. Jumamosi moja nilipowatembelea niliona shavu lake la kushoto limevimba. Shangazi akaniuliza mimi kama hilo ni jambo la kuhofia, maana katika ukoo wetu mimi ndiye ninayesifiwa kwa alama za bayolojia. Nami, bila hata kumchungulia mdomoni, nikamjibu kwa maringo kuwa hilo ni jino tu, litapona lenyewe.

Jino likang'olewa. Uvimbe haukushuka. Nyanya akamkanda kwa majani. Majirani nao wakaanza kunong'ona ati kuna mkono wa mtu. Wiki nne zilipokwisha, uvimbe ulikuwa umepanda hadi chini ya jicho, meno yaliyobaki yalikuwa yanacheza kama misumari kwenye ubao uliooza, na mtoto hali chakula. Mhudumu wa zahanati moja alipomwona hakungoja. Aliandika barua siku hiyo hiyo apelekwe hospitali kubwa. Huko kipande kidogo cha nyama kilikatwa kikapimwa, na tukatajiwa ugonjwa wenyewe: limfoma ya Burkitt, yaani aina ya saratani.

Nilishtuka. Saratani, kwa mtoto wa miaka sita? Na huyu Burkitt ni nani hata ugonjwa uliomwingia binamu yangu uitwe kwa jina lake? Jumatatu nilimwendea mwalimu wetu wa bayolojia, akaniazima kitabu na kunieleza mengi. Haya ninayowaandikia ndiyo niliyoyapata.

UTOTO NA MASOMO YAKE

Denis Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 katika mji wa Enniskillen, Ayalandi. Baba yake, James, alikuwa mhandisi wa wilaya, kazi yake barabara na madaraja. Lakini akitoka kazini mzee huyo alichunguza ndege. Aliwafunga pete miguuni ili awatambue, kisha akachora ramani ya mahali ambapo kila ndege alitawala. Nawaomba muikumbuke hiyo ramani, kwa sababu mtoto wa nyoka ni nyoka, na mtoto wa mchora ramani alikuja kuchora ya kwake.

Denis alipokuwa na miaka 11 alipatwa na msiba. Watoto walikuwa wakirushiana mawe, jiwe moja likampiga kwenye miwani, kioo kikaingia jichoni. Jicho hilo likapotea. Tangu hapo aliishi na jicho moja hadi kufa kwake.

Alipoingia chuo kikuu cha Trinity mjini Dublin alianza na uhandisi kama babake. Baadaye akageuka akasomea udaktari, kwa kuwa alikuwa mtu wa dini na aliamini kuwa hiyo ndiyo kazi aliyoitiwa. Alihitimu mwaka wa 1935, na mwaka wa 1938 akafuzu kuwa daktari wa upasuaji huko Edinburgh. Alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni ya Afrika Magharibi alikataliwa. Sababu? Jicho moja. Waliona kuwa mpasuaji wa namna hiyo hafai.

Basi vita vikuu vya pili vikafika, na vitani hawakuuliza sana habari za macho. Mwaka wa 1941 alijiunga na madaktari wa jeshi la Uingereza, na jeshi likamleta Kenya na Somalia, kisha Sri Lanka ambayo wakati huo iliitwa Ceylon. Mwaka wa 1943 alimwoa Olive Rogers, nao wakajaliwa mabinti watatu. Vita vilipokwisha aliomba tena kazi Afrika, na safari hii akakubaliwa. Mwaka wa 1946 akaingia Uganda.

LIRA, MULAGO NA JINJA

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Lira, katika wilaya ya Lango. Huko aliwapasua wanaume wengi waliougua mabusha. Daktari mwingine angepasua tu na kwenda zake nyumbani. Burkitt aliuliza kila mgonjwa anatoka wapi. Kumbe upande mmoja wa wilaya mabusha yalikuwa mengi, na upande wa pili yalikuwa machache sana! Akaliandika jambo hilo. Hapo ndipo tabia ya babake ilianza kuonekana ndani yake. Hakuridhika kujua mgonjwa anaumwa nini, alitaka pia kujua ugonjwa unakaa wapi.

Mwaka wa 1948 alihamishiwa hospitali ya Mulago, Kampala. Alifanya kazi hapo miaka mingi bila jina lake kuvuma. Kisha mwaka wa 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wodini amtazame mtoto wa kiume wa karibu miaka mitano. Taya za mtoto huyo zilikuwa zimevimba pande zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakuwahi kuona kitu cha namna hiyo. Maambukizi ya jino hayavimbishi pembe nne kwa pamoja.

Wiki chache baadaye alikwenda kutembelea hospitali ya Jinja. Sisi wa Busia na Malaba tunaijua Jinja. Iko katika barabara ile ile yanayopita matrela yetu kuelekea Kampala. Akiwa wodini alichungulia dirishani, akamwona mtoto mwingine ameketi nje na uso uliovimba vile vile. Alitoka mbio kumpima. Mtoto huyo alikuwa na uvimbe tumboni pia. Mtu akiona kioja kimoja anaweza kusema ni bahati mbaya. Akiona viwili vinavyofanana, ni lazima ajiulize.

Burkitt alirudi Mulago akafukua mafaili ya wagonjwa. Alikuta watoto wengi, wengine wamevimba taya, wengine figo, ini au ovari. Madaktari wa kabla yake waliwahesabu kama wagonjwa mbalimbali. Yeye akasema huu ni ugonjwa mmoja, na mwaka wa 1958 akauandikia makala katika jarida la wapasuaji la Uingereza. Watu wachache sana waliijali makala hiyo.

SAFARI YA MAILI ELFU KUMI

Hakukata tamaa. Alichapisha vikaratasi vyenye picha za wagonjwa akavituma kwa posta kwenye hospitali za serikali na za misheni kote Afrika, akiuliza kama wamewahi kuona watoto wa namna hiyo. Kila jibu la ndiyo lilipofika alichomeka pini kwenye ramani ukutani. Pini zikajipanga katika ukanda uliokata Afrika katikati, na mkia mmoja ukashuka kando ya pwani ya Msumbiji.

Kwa nini ukanda huo uishie pale unapoishia? Ili ajue, mwezi wa Oktoba 1961 alifunga safari kwa gari kuukuu pamoja na madaktari wawili, Ted Williams aliyefanya kazi Kuluva karibu na Arua, na Cliff Nelson. Walisafiri wiki 10, wakakata maili 10,000, wakatembelea hospitali zaidi ya 50 hadi Afrika Kusini. Wakati huo barabara ya lami ilikuwa bahati.

Jibu walilolileta lilikuwa rahisi. Karibu na ikweta ugonjwa huu ulikuwa adimu sana penye mwinuko wa zaidi ya mita 1,500. Kadiri walivyoshuka kusini kwenye baridi, ndivyo mpaka wa ugonjwa ulivyoshuka pia. Ulipenda penye joto na mvua, kama vile mbu anavyopenda. Kwa hivyo ramani yake ilifanana na ramani ya malaria. Jameni, hebu tujiangalie sisi wenyewe. Busia na Malaba ziko chini ya mita 1,500, kuna joto, kuna mvua, kuna mbu mwaka mzima. Eldoret, ambako matrela hupitia yakija kwetu, iko juu ya mita 2,000. Ule mpaka wa Burkitt unapita kati yetu na Eldoret, na sisi tuko upande wa ugonjwa.

Kabla ya safari hiyo, tarehe 22 Machi 1961, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex, London. Miongoni mwa waliomsikiliza alikuwa mtafiti kijana wa virusi, Anthony Epstein. Wakapatana kwamba vipande vya uvimbe vitumwe London kwa ndege kutoka Uganda. Kwa muda mrefu Epstein hakupata kitu. Kisha mwishoni mwa 1963 ndege moja ilizuiwa na ukungu, ikatua Manchester, na kipande kikafika kimechelewa. Maji yake yalikuwa yamechafuka, na wengine wangedhani kimeoza wakakitupa. Epstein aliweka tone chini ya hadubini akakuta seli hai zinaelea. Seli hizo zikakuzwa, na mwaka wa 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza virusi vipya walivyoviona ndani yake. Vinaitwa virusi vya Epstein-Barr, na ndivyo virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Lakini virusi hivi viko duniani kote, na zaidi ya watu wazima 9 katika kila 10 wanavyo bila kuugua. Hapa kwetu vinakutana na malaria. Malaria ya mara kwa mara huziamsha seli za kinga ziitwazo seli B, zigawanyike tena na tena, na wakati huo huo huchosha askari wa mwili waliopaswa kuvidhibiti virusi. Kila mgawanyiko ni nafasi ya kosa. Kosa moja likitokea mahali pabaya, saratani huzaliwa.

KAWI YA SELI NA FOLENI YA MALABA

Sasa naomba mnivumilie niingie darasani kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoelewa kwa nini wiki zile nne zilikuwa mbaya vile.

Seli haigawanyiki hivi hivi tu. Kabla ya moja kuwa mbili, lazima kwanza inenepe, ijenge protini, iongeze utando na inakili kromosomu zake zote 46 ili kila seli changa ipate urithi kamili. Hiyo yote ni gharama, na gharama hulipwa kwa kawi. Kawi hutoka katika chakula, hasa glukosi. Hatua za kwanza za kuvunja glukosi hufanyika katika sitoplazimu bila oksijeni, na hutoa molekuli 2 tu za ATP, ambayo ndiyo sarafu ya kawi mwilini. Hatua zinazobaki hufanyika katika mitokondria kwa msaada wa oksijeni, na hapo jumla hufika 30 au zaidi. Vitabu vingi vya shule huandika 38.

Bila kawi hakuna kukua. Wenzetu wa Budalangi wanalijua hili hata kama hawajasoma bayolojia. Mahindi yakipandwa kisha mafuriko yakafunika shamba, hayaoti, au huota yakadumaa. Si kwamba punje haina chakula, wanga umo tele. Ni kwamba udongo uliojaa maji hauna oksijeni ya kutosha, kawi inakuwa haba, na seli za ncha ya mzizi zinaacha kugawanyika.

Seli inajuaje kuwa kawi haitoshi? Fikirieni Malaba. Trela haliruki mpaka. Hufika, husimama, stakabadhi hukaguliwa, na kama kuna kasoro kizuizi hakiinuliwi. Seli nayo ina vituo vyake vya ukaguzi. Kimoja kiko kabla ya kuanza kunakili DNA. ATP ikipungua, protini iitwayo AMPK hung'amua upungufu huo, kama utingo anayechungulia tangi la dizeli kabla ya safari ndefu. Husimamisha ujenzi, huamuru chakula kilichowekwa akiba kichomwe, na seli husimama kituoni mpaka kawi irudi. Huo ni utaratibu wa busara. Seli ikianza safari ya kugawanyika halafu mafuta yaishe katikati, yaweza kuharibu kromosomu zake au kufa.

Katika limfoma ya Burkitt utaratibu huo umevurugika. Mwaka wa 1982 watafiti waligundua kwamba katika seli hizi kipande cha kromosomu ya 8 kimekatika na kuhamia kwingine, mara nyingi kwenye kromosomu ya 14. Kipande hicho kimebeba jeni iitwayo MYC. Kazi ya MYC ni kuamuru seli iingize glukosi kwa wingi, ijenge protini, iongeze mitokondria, kisha ivuke na kugawanyika. Katika seli yenye afya, MYC huwashwa panapo haja kisha huzimwa. Lakini kule ilikohamia, imekuwa jirani ya jeni za kutengeneza kingamwili, ambazo katika seli B hazizimwi. Basi MYC nayo imebaki imewashwa, kama stima iliyounganishwa moja kwa moja bila swichi. Kizuizi kimeinuliwa usiku na mchana, na kila lori linajazwa mafuta bure.

Mjerumani mmoja, Otto Warburg, aliyeshinda Tuzo ya Nobel mwaka wa 1931, alikuwa ameona jambo la ajabu tangu miaka ya 1920. Seli nyingi za saratani huvunja glukosi kwa ile njia fupi na kuacha asidi ya laktiki, hata pale ambapo oksijeni ipo. Nilipoisoma hii niliona ni ujinga. Kwa nini uchukue ATP 2 na unaweza kupata 30? Mwalimu akanieleza kuwa njia hiyo ni fupi lakini ni ya haraka, na glukosi ambayo haijaungua yote hutumiwa kama matofali ya kujengea seli mpya. Ni kama mtu anayechoma kuni nusu ili apike, halafu vigogo vilivyobaki avifanye nguzo za nyumba. Anayejenga upesi hahitaji moto tu, anahitaji na nguzo pia. Na si kwamba seli hizo huziacha mitokondria zao. Hutumia njia zote mbili kwa pamoja.

Matokeo yake ni kasi ya kutisha. Uvimbe wa Burkitt ni miongoni mwa saratani zinazokua upesi kuliko zote za binadamu. Seli zake huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, na karibu kila seli iko katika safari ya kugawanyika. Nilikaa nikapiga hesabu. Seli moja ikigawanyika kila siku 2 bila hata moja kufa, katika wiki 4 itakuwa imegawanyika mara 14, na hesabu inafika seli 16,384. Mwilini nyingi hufa njiani, kwa hivyo uvimbe haukui kwa hesabu hiyo kamili. Lakini hata hivyo, nambari hiyo ilininyima usingizi. Wiki 4 ndizo tulizopoteza kwa sababu mimi nilisema ni jino.

KASI INAYOPONZA MWENYE KASI

Hapa narudi kwa Burkitt. Yeye alikuwa mpasuaji, na kisu hakikumsaidia. Huwezi kukata taya za mtoto pande zote nne. Tangu mwaka wa 1960 alianza kujaribu dawa zilizoletwa kutoka ng'ambo, kwanza methotrexate, baadaye nyingine kama cyclophosphamide. Huko Nairobi daktari Peter Clifford naye alikuwa akizijaribu. Burkitt hakuwa na mashine kubwa wala fedha nyingi. Lakini alichokiona kiliwashangaza madaktari wa Ulaya na Marekani. Uvimbe uliokuwa umefunga jicho uliyeyuka kwa siku chache, na watoto wengine walipona kabisa baada ya dozi chache tu.

Ilikuwaje? Burkitt hakujua habari za MYC, maana haikuwa imegunduliwa. Lakini sisi leo tunaweza kueleza. Methotrexate huizuia seli kutumia foleti, vitamini inayohitajika kutengeneza vijenzi vya DNA. Cyclophosphamide huiharibu DNA yenyewe. Seli iliyotulia haidhuriki sana, kwani haina haja ya kunakili DNA siku hiyo. Lakini seli inayokimbia, iliyojaa kawi na isiyojua kusimama kituoni, huingia katika kunakili bila matofali au ikiwa na DNA iliyovunjika, nayo hufa. Ndiyo sababu pia nywele za binamu yangu zilinyonyoka. Seli za mizizi ya nywele nazo hugawanyika upesi, zikapigwa pamoja na adui. Kwa hivyo kasi ile ile inayoufanya ugonjwa huu uue kwa wiki chache ndiyo inayoufanya utibike kuliko saratani nyingi. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Lakini si mchezo. Seli nyingi zikifa kwa pamoja hutapika vilivyomo ndani yake kwenye damu, na figo huweza kuzidiwa. Kadiri uvimbe ulivyo mkubwa, ndivyo hatari hiyo ilivyo kubwa. Ndiyo maana binamu yangu aliwekewa maji mengi ya mshipani siku za kwanza, na ndiyo maana kufika mapema ni nusu ya dawa.

MIAKA YAKE YA MWISHO

Burkitt aliondoka Uganda katikati ya miaka ya 1960 akahamia Uingereza. Kazi aliyoianza haikufa. Mwaka wa 1967 Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa pale Mulago, na watoto wenye limfoma hii ndio waliokuwa wagonjwa wake wa kwanza.

Yeye mwenyewe hakustaafu akili yake. Alikumbuka kwamba katika miaka yake yote Uganda alikuwa ameona wagonjwa wachache mno wa kibole na magonjwa mengine ya utumbo yaliyojaa katika hospitali za Ulaya. Akauliza swali lake lile lile: wapi yapo, wapi hayapo? Aliamini sababu moja ni nyuzinyuzi za chakula, kama zilizomo katika wimbi, mtama, maharagwe na mboga zetu. Mwaka wa 1979 alitoa kitabu cha kuwakumbusha watu wa kawaida wasisahau nyuzinyuzi, na kilisomwa sana. Mwaka wa 1972 alikuwa amekwisha kuchaguliwa mwanachama wa Royal Society ya London, heshima ambayo wanasayansi wengi huitamani. Alifariki tarehe 23 Machi 1993 akiwa na miaka 82.

NENO LANGU LA MWISHO

Najua mtauliza habari za binamu yangu. Shangazi aliuza ng'ombe wake kwa ajili ya nauli na gharama nyingine. Mtoto alitibiwa kwa miezi kadhaa, akatapika, akakonda, akawa na kichwa kama yai. Lakini uvimbe ulianza kushuka wiki ya kwanza tu. Leo amerudi shuleni na nywele zimeota. Katika kitanda cha pili kulikuwa na msichana aliyeletwa akiwa amechelewa kutushinda sisi. Yeye hakurudi nyumbani. Sitamsahau.

Nilimwendea shangazi nikamwomba msamaha. Aliniambia yaishe, kwani mimi ni mtoto na sikukusudia. Hata hivyo nimejifunza. Mimi nilikuwa na macho mawili na alama nzuri za bayolojia, nikalitazama shavu la binamu yangu nisione kitu. Burkitt, ambaye walimkataa kwa sababu ya jicho lake, alichungulia dirishani Jinja akaona. Alitofautiana nami kwa jambo moja. Yeye alitoka nje akaenda kumpima mtoto.

Wenzangu, mdharau mwiba mguu huota tende. Wengi wetu tuna wadogo zetu nyumbani, hapa Busia, Malaba, Amukura, Nambale na kwingineko. Ukiona mtoto taya limevimba, meno yanalegea bila sababu, jicho linatokeza au tumbo linajaa upesi, usiseme ni jino na usingoje mwezi. Mpeleke hospitali wiki hiyo hiyo, na jino likisha kung'olewa uvimbe usishuke, mrudishe. Wadogo wetu walale ndani ya chandarua kila usiku. Na kama hujui, sema hujui. Mimi ningalisema hivyo Jumamosi ile, tungaliokoa wiki nne.

Wino wangu umekwisha.